Mama wa Duka Kando ya Mto Tana: Je, Kukata Bima ya Mafuriko ni Kukosa Tawakkul?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane, nina kiduka na shamba karibu na Garsen, Kaunti ya Tana River. Mto ulituingilia mwisho wa 2023, nikajikusanya nikaanza upya, ukarudi 2024. Sasa nataka kukata bima. Imamu wetu amesema mafuriko ni adhabu kwa madhambi yetu, na anayekata bima anajaribu kuikimbia kadari ya Mola kwa karatasi, yaani hana tawakkul, hamtegemei Allah. Tangu hapo silali vizuri. Na je, nikilipwa fidia, naweza kuhijia?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole, mama, tena pole. Maswali ya bima kwa kawaida nayamaliza kwa mistari mitatu. Hili lako limenikalia moyoni kwa sababu ya hilo neno "adhabu".

Nani alimpa imamu wako habari hiyo? Kaumu ya Nuh iliangamizwa kwa maji, na watu wa Saba wakapelekewa mafuriko ya Arim. Haya tunayajua kwa sababu Mwenyewe Allah ametueleza katika kitabu chake. Wahyi, yaani ufunuo wa Allah kwa mitume, umekatika. Yeyote anayesimama leo juu ya mimbari na kuyataja mafuriko ya watu fulani kuwa ni adhabu yao, anasema juu ya Allah asilolijua, na hilo ni dhambi kubwa kuliko hiyo bima anayoikemea. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Basi aliyezama awe shahidi, na mjane aliyelowa magunia yake ya sukari awe mwenye kuadhibiwa? Aya inayokuhusu wewe ni ile ya Suratul Baqara, kwamba tutajaribiwa kwa hofu, njaa na upungufu wa mali, kisha wapewe bishara wanaosubiri.

Hata kwa akili ya kawaida hoja hiyo haisimami. Maji yaliyoingia dukani kwako mengi yake yalinyesha Mlima Kenya na Nyandarua, yakajaza bwawa la Masinga, yakamwagika na kushuka hadi Garissa, Hola, kisha kwenu. Ikiwa ni adhabu ya Garsen, mbona mvua yake ilinyesha Nyeri?

Ama tawakkul, hadithi ya kumfunga ngamia kwanza ndipo utegemee unaijua, sina haja ya kuirudia. Lakini mkumbushe imamu wako Khalifa Umar bin Khattab. Alipogeuza njia asiingie Sham (nchi ya Syria na jirani zake) kwenye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na katika mwaka wa 17 Hijria mafuriko yaliingia Makka yakaling'oa Maqamu Ibrahim, lile jiwe la Nabii Ibrahim karibu na Kaaba, mahali pake. Umar alitoka Madina, akalirudisha jiwe, kisha akajenga boma la kuyazuia maji yasifike tena Msikitini. Hakuwahubiria watu wa Makka kwamba wameadhibiwa. Alijenga boma.

Sasa hukumu. Bima ya kibiashara, unayolipa ada maalumu kwa kampuni ili ikubebee hasara, wanazuoni wengi wameikataza kwa sababu ya gharar (utata na kubahatisha katika mkataba) na riba, na Baraza la Fiqhi la Jeddah, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lilipitisha hivyo mwaka 1985. Wapo walioiruhusu, na Sheikh Mustafa al-Zarqa ndiye mashuhuri wao, wala simbezi, ila mimi nafuata wengi. Takaful ni jambo jingine: washiriki wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, na anayepatwa anatolewa humo. Mfano wake ni watu wa kabila la Ash'ari zama za Mtume, ambao chakula kikiwapungukia walikuwa wakikusanya walichonacho katika nguo moja na kugawana sawasawa. Mtume alisema, "wao ni wangu, na mimi ni wao." Kenya takaful ina kampuni yake tangu 2011. Ifuate hiyo kwanza.

Lakini, mama, usitie saini kabla hujasomewa mkataba neno kwa neno. Uliza kama mafuriko yametajwa kwa jina lake, kama bidhaa za dukani zimo au ni jengo tu, na kama kuna siku za kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi. Anayekimbilia bima maji yakiwa Garissa huenda amechelewa. Na usidanganywe na bima ya mifugo inayosifiwa kaskazini. Ile huangalia kwa setilaiti majani ya malisho yamekauka kiasi gani. Baada ya mafuriko nyasi huchipua, setilaiti inaona kijani kitupu, nawe umebaki bila mbuzi na bila shilingi.

Jingine: ukisikia "mafuriko ya miaka mia", usidhani yakishapita mmepumzika karne. Maana yake ni uwezekano wa 1 kwa 100 katika kila mwaka, na mto haukumbuki kwamba ulikuja mwaka jana. Ukikaa mahali hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni zaidi ya robo. Kwa hiyo shamba na libaki chini, rutuba yake inaletwa na mto huo huo, hilo Wapokomo walilijua kabla yetu. Duka halina sababu ya kuwa chini. Kama kuna mwinuko ambao maji ya 2024 hayakufika, kapange chumba huko, hata kama wateja watatembea kidogo. Bidhaa ulizochukua kwa mkopo ni deni hata zikisombwa, na mtu hapaswi kuliweka deni kwenye njia ya maji aliyoiona kwa macho yake mara mbili.

Kuhusu hija: fidia ya takaful ni halali yako, huhitaji kuisafisha. Ila itakuja kurudisha ulichopoteza tu, kwa hiyo uanze kumlipa muuzaji wa jumla na ujaze rafu. Ya Makka tuiwekee akiba katika faida ya duka, na ukiwa tayari niandikie nikutafutie kundi lenye akina mama wa Pwani.