Je, Bunge la taifa laweza kulegeza sheria ya bunduki ya jiji moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mlinzi wa ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Usiku mmoja tukiwa lindoni, mwenzangu alinisimulia kwamba wabunge wa Marekani waliwahi kupitisha muswada wa kulegeza sheria za bunduki za mji wao mkuu peke yake, sheria ambazo zilikuwa zimetungwa na madiwani wa mji huo wenyewe, na kwamba wenye mji hawakuwa na mbunge hata mmoja mwenye kura. Nilimbishia mpaka alfajiri. Nani kati yetu ana haki? Na je, jambo la namna hiyo laweza kutupata sisi wa Mtwara? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Ndugu msomaji, itakubidi umwombe radhi mwenzako, ingawa naye ameacha kipande kimoja cha habari: muswada ule ulipita katika chumba kimoja tu cha Bunge la Marekani, kwa hiyo haukuwa sheria.

Mji unaozungumziwa ni Washington, D.C. Mji huo haumo ndani ya jimbo lolote, na Katiba ya Marekani, katika kifungu cha 8 cha ibara yake ya kwanza, inalipa Bunge la taifa mamlaka kamili ya kuutungia sheria. Mwaka 1973 Bunge liliwaruhusu wakazi kujichagulia meya na baraza la jiji, lakini lilijibakizia uwezo wa kutengua au kubadili chochote ambacho baraza hilo lingeamua. Baraza lilipopata nguvu hiyo halikukawia kuitumia: mwaka 1976 lilipitisha sheria ya bunduki iliyokuwa kali kuliko karibu zote nchini humo. Raia wa kawaida hakuruhusiwa kuandikisha bastola mpya, na asiyeandikisha hakuruhusiwa kuwa nayo. Bunduki ndefu iliruhusiwa, ila ilipaswa kukaa nyumbani bila risasi na ikiwa imefunguliwa vipande, au triga yake ikiwa imetiwa kufuli.

Sharti hili la mwisho nalielewa kwa sababu ya gobore la marehemu babu yangu, aliyelima muhogo upande wa Nanyamba. Gobore hilo lilining'inia juu ya mlango wa chumba chake, mtutu umefungwa waya kwenye kitako, na baruti aliiweka mbali nalo, katika kopo la ugoro lililofichwa darini. Nguruwe pori walipoingia shambani, babu alianza kutafuta kopo, kisha gololi, kisha kijiti cha kushindilia, na alipokuwa tayari kulenga nguruwe walikuwa wamekwisha kumaliza tuta zima na kwenda zao. Sisi wajukuu tulikuwa salama kabisa. Muhogo haukuwa salama hata kidogo. Mabishano ya Washington, ukiyavua joho la kisheria, yalikuwa hayo hayo: je, silaha isiyoweza kutumika kwa haraka inamlinda mwenye nyumba, au inawalinda walio nyumbani dhidi ya silaha yenyewe?

Mlinzi mmoja wa jiji hilo aitwaye Dick Heller, aliyebeba bastola akiwa kazini na kukatazwa kuwa nayo nyumbani kwake, alikwenda mahakamani. Tarehe 26 Juni 2008 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanampa kila mtu haki binafsi ya kuwa na bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda, na hivyo marufuku ya jiji ikaanguka pamoja na sharti la kufuli na vipande. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi huo, hakusema kwamba kila udhibiti ni batili. Aliacha wazi kwamba wahalifu waliotiwa hatiani wanaweza kunyimwa silaha, na kwamba silaha zinaweza kukatazwa katika maeneo kama shule na majengo ya serikali.

Baada ya hapo jiji lilianza kurekebisha sheria zake, lakini kwa mwendo wa mtu anayelipa deni asilolikubali. Mwezi Julai liliruhusu bastola za silinda inayozunguka, huku zile zinazojisheheni zenyewe zikiendelea kukatazwa kwa sababu jiji liliihesabu kuwa bunduki ya rashasha silaha yoyote inayoweza kutoa risasi zaidi ya 12 bila kusheheniwa upya. Hapo ndipo wabunge walipoingia. Tarehe 17 Septemba 2008 Baraza la Wawakilishi la Marekani (msomaji asilichanganye na la Zanzibar) lilipitisha muswada kwa kura 266 dhidi ya 152. Muswada ulitaka kufuta wajibu wa kuandikisha silaha jijini, kuondoa katazo la bunduki zinazojisheheni, kuwaruhusu wakazi kununua bastola katika majimbo jirani ya Maryland na Virginia, na, jambo zito kuliko yote kwa maoni yangu, kulizuia baraza la jiji lisitunge tena sheria ya kuwawekea wakazi vikwazo visivyostahili katika kumiliki silaha. Seneti, ambayo ni chumba cha pili cha Bunge hilo, haikuushughulikia, nao ukafa. Siku moja kabla ya kura hiyo baraza la jiji lilikuwa limekwisha kulegeza sheria zake tena, lakini wabunge hawakusubiri. Uchaguzi mkuu ulikuwa mwezi Novemba, na wengi wao walitoka sehemu za mashambani ambako kuonekana adui wa bunduki ni kujipotezea kiti.

Mwenzako amesema kweli pia kuhusu kura. Wakazi wa Washington, waliokuwa takribani laki sita wakati huo, wanapiga kura ya rais tangu Marekebisho ya 23 ya mwaka 1961, lakini katika Seneti hawana mtu, na katika Baraza la Wawakilishi wana mjumbe anayeruhusiwa kuzungumza na kuketi kwenye kamati, ila hapigi kura muswada unapoamuliwa. Mjumbe huyo tangu 1991 alikuwa Bi. Eleanor Holmes Norton, na siku ile ya Septemba aliweza kupinga kwa kinywa tu.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka kuwa biashara ya kubadilishana, na sehemu hii ndiyo inayonisikitisha. Mwezi Februari 2009 Seneti ilipitisha, kwa kura 61 dhidi ya 37, muswada wa kuwapa wakazi hao mbunge mmoja mwenye kura kamili, lakini kabla ya hapo ilikwisha kuubandikia, kwa kura 62 dhidi ya 36, kipengele cha kufuta sehemu kubwa ya sheria za bunduki za jiji. Wakazi wakawa wanaambiwa: chukueni kura mliyoililia miaka yote, mradi mkubali kwamba jambo la kwanza litakalotoka mikononi mwenu ni uamuzi kuhusu silaha katika mitaa yenu. Viongozi wa Baraza la Wawakilishi waliuweka kando muswada huo, walijaribu kuufufua mwaka 2010, wakashindwa kwa sababu ya kipengele hicho hicho cha bunduki. Mimi si mpenzi wa marufuku ya mwaka 1976, na naona mahakama ilikuwa na haki ya kuipima kwa Katiba. Lakini mahakama kupima sheria ni jambo moja, na wabunge wa mbali kuiandika upya ili wajipatie sifa kwao ni jambo jingine.

Sasa Mtwara. Udhibiti wa silaha kwetu ni sheria ya Bunge, yaani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi ya leseni hupitia Jeshi la Polisi. Baraza la Madiwani la Manispaa ya Mtwara-Mikindani hutunga sheria ndogo za ushuru, masoko na usafi, nazo haziwezi kupingana na sheria ya Bunge. Hivyo hakuna sheria ya bunduki ya Mtwara ambayo Dodoma ingeweza kuilegeza. Bunge likiilegeza au kuikaza ile ya nchi nzima, mbunge wa Mtwara Mjini atakuwemo ukumbini na kura yake itahesabiwa sawasawa na ya mbunge wa Dodoma Mjini, na hilo ndilo mkazi wa Washington analolikosa.

SWALI: Baba yangu amefariki na kuniachia gobore lenye leseni yake. Je, mwenyekiti wa kijiji au halmashauri inaweza kuniandikia kibali cha kulitumia kufukuza ngedere? (Msomaji, Nachingwea, Lindi)

JIBU: Pole kwa msiba. Jibu ni hapana, kwa sababu niliyoieleza hapo juu: mamlaka hayo hayamo katika halmashauri wala kijijini. Leseni ilikuwa ya marehemu mwenyewe, hairithiwi pamoja na gobore. Usilipakie kwenye bodaboda kulipeleka mjini. Kwanza nenda kituo cha polisi na leseni ya marehemu mkononi, ueleze lilipo, nao watakuelekeza namna ya kulikabidhi na namna ya kuomba leseni kwa jina lako ukitaka. Ngedere, kwa sasa, wafukuzeni kwa madebe.