Kupima Alkoholi ya Kitakasa Mikono kwa Infraredi

Mtu anayetengeneza vitakasa mikono hapa Uganda, hasa yule anayenunua spiriti ya molasi kwa madumu na kuichanganya mwenyewe, asiridhike na hidromita inayopimia waragi, pombe kali ya Uganda. Chombo hicho hutegemea uzito wa kimiminika, na gliserini, ambayo ni nzito kuliko maji, hukifanya kionyeshe alkoholi pungufu kuliko iliyomo. Kwenye jeli hakifai kabisa. Katika nchi iliyopambana na Ebola Mubende mwaka 2022, kubahatisha hakukubaliki, kwa kuwa ethanoli, yaani alkoholi yenyewe ya kitakasa, ikishuka chini ya asilimia 60 nguvu yake ya kuua vijidudu hupungua. Ndiyo maana ninashauri sampuli ipelekwe kwenye maabara yenye spektromita ya infraredi, chombo kinachopima jinsi kitu kinavyofyonza mwanga usioonekana kwa macho.

Tone moja huwekwa juu ya kipande cha almasi, mwanga hupitishwa chini yake, na ethanoli huufyonza kwa nguvu penye mawimbi 1045 na 1085 kwa sentimita. Ufyonzaji huo huonekana kwenye mchoro kama vilele viwili, lakini vilele hivyo havisemi asilimia vyenyewe. Ni lazima kwanza uandae michanganyiko unayoijua, tuseme ya asilimia 50, 60, 70, 80 na 90, ndipo uilinganishe sampuli nayo. Mimi husisitiza kwamba michanganyiko hiyo itiwe gliserini kwa kiasi kilekile cha bidhaa, kwa sababu nayo hufyonza mwanga jirani na hapo, na asiyelizingatia hilo ataihesabu kuwa alkoholi.

Tone lifunikwe papo hapo. Nimeshuhudia kilele cha 1045 kikishuka kati ya usomaji mmoja na unaofuata, kwa kuwa tu kifuniko kiliachwa pembeni na ethanoli ikawa inaruka hewani. Chupa ya sampuli nayo ijazwe hadi shingoni, ifungwe barabara, isiachwe juani.

Kwenye ripoti, andika kama asilimia ni ya ujazo au ya uzito: 80 ya ujazo, iliyomo katika fomula ya Shirika la Afya Duniani, ni takriban 73.5 ya uzito.

Linalonitia hofu zaidi ni methanoli, alkoholi nyingine iliyo sumu inayopenya ngozi na iwezayo kupofusha. Uzito wake unakaribiana na wa ethanoli, hivyo hidromita haiibaini, ilhali infraredi huionyesha karibu na 1020. Dalili yake ikionekana, au asili ya spiriti ikitiliwa shaka, mzigo usitoke ghalani kabla sampuli haijapitishwa kwenye kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha kemikali za mchanganyiko moja moja, ambayo hunasa hata kiasi kidogo kinachoikwepa infraredi.