Matandazo Kiasi Gani Yatatosha Bustani Yangu?

SWALI: Nina matuta manne ya nyanya, kila moja lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, pamoja na michungwa mitatu. Nataka kutandaza nyasi kavu kabla ya kiangazi, lakini muuzaji ananiuliza nahitaji mizigo mingapi, nami sijui la kumjibu. Nihesabuje? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Hesabu yenyewe ni eneo mara kina. Matuta yako manne yana jumla ya mita za mraba 40. Nyasi kavu hushuka sana baada ya kunyeshewa na kukanyagwa, kwa hiyo ukitaka zibaki sentimita 5, tandaza sentimita 10 zikiwa bado zimefumuka. Zidisha 40 kwa 0.1 upate mita za ujazo 4, yaani lita 4,000, ambazo ni sawa na ndoo 200 za lita 20 zilizojazwa bila kushindiliwa.

Kwa michungwa, pima duara lenye nusu kipenyo cha mita 1 kutoka kwenye shina, kisha acha sentimita 20 wazi kulizunguka shina lenyewe, kwa sababu nyasi mbichi au zenye unyevu zikigusa gome huliozesha. Hapo kila mti unabakiwa na takriban mita za mraba 3, ambazo kwa kina kilekile zinahitaji ndoo 15. Miti mitatu ni ndoo 45.

Tatizo ni kwamba muuzaji hauzi kwa ndoo, na mzigo wa mtu mmoja haulingani na wa mwingine. Ninakusihi usikubali kukisia. Nunua mzigo mmoja kwanza, ufungue, chukua kamba na vijiti vinne uweke alama ya mraba wa mita 1 kwa mita 1 juu ya tuta, utandaze hadi rula iliyosimamishwa kwenye udongo isome sentimita 10, kisha uendelee na mraba wa pili mpaka nyasi ziishe. Ikiwa mzigo umetosha miraba miwili, matuta yanahitaji mizigo 20 na michungwa inahitaji mizigo 5, kwa kuwa miti yote mitatu ina mita za mraba 9.

Vipimo hivi ni vya nyasi na mabua. Vumbi la mbao hugandamana na kuzuia maji kupenya, hivyo sentimita 3 hadi 5 zinatosha, nalo lisichanganywe na udongo, kwani linapooza hunyang'anya mimea naitrojeni.

Kabla ya kulipa, pukuta shada moja juu ya karatasi nyeupe. Zikidondoka mbegu, usizinunue nyasi hizo hata zikiwa rahisi, kwa maana utakuwa umejipandia magugu. Zilizo safi zitandaze siku moja baada ya kumwagilia vizuri, udongo ukiwa umelowa hadi chini.