Jibu kwa dada wa Mbarara: bango la kongamano na dakika tano za kuzungumza

Dada, hongera kwa ikisiri yako, yaani muhtasari wa utafiti, kukubaliwa kwenye kongamano. Umesema utafiti wako wa uzamili ni wa mnyauko wa migomba, umepewa nafasi ya bango pamoja na dakika tano za kuzungumza, na hujui uanzie wapi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi hapa Kampala kuandaa mabango, na nimesimama mbele ya mabango yangu pia, kwa hiyo nivumilie nikijibu kirefu.

Kompyuta iache kwanza. Chukua karatasi, andika sentensi moja tu: nimegundua nini? Si nilichunguza nini. Mabango mengi yanajaa maandishi hadi pembeni kwa sababu mwenyewe hajaamua jambo lake kuu ni lipi, basi anabandika yote.

Kichwa ulichotuwekea, "Tathmini ya Mbinu za Kudhibiti Mnyauko wa Migomba miongoni mwa Wakulima Wadogo", kinafaa tasnifu. Kwenye bango hakimsimamishi mpita njia. Lakini mwishoni mwa maelezo yako umesema wakulima wengi wanajua kwamba ua dume, kile kichwa cha zambarau kinachoning'inia chini ya mkungu, liondolewe ili kuzuia mnyauko, ila wanalikata kwa panga badala ya kulivunja kwa mti wenye panda. Dada, utafiti wako uko hapo! Kisa cha kutumia mti ni kuepuka chuma kilichogusa mgomba mgonjwa kisije kikapeleka bakteria kwenye mgomba mzima. Mimi ningeandika: "Wakulima wanaondoa ua dume, lakini kwa panga". Utatamani kuongeza kwamba mapanga hayo ndiyo yaliyoeneza ugonjwa katika mashamba uliyotembelea. Kama hukulipima hilo, usiliandike. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea atakuuliza ushahidi, na atakuwa na haki.

Utangulizi ukate bila huruma. Kwamba ugonjwa uliripotiwa Uganda mwaka 2001 na kwamba matoke ndiyo chakula chetu, sentensi mbili zinatosha. Nafasi iliyobaki zipe picha na grafu. Weka picha kubwa ya mkono ukivunja ua dume kwa mti, halafu grafu moja yenye majina yaliyoandikwa kwenye nguzo zenyewe, msomaji asihangaike kutafuta ufunguo wa rangi pembeni. Nyekundu na kijani usizitegemee kutofautisha vitu, kwani wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitenganishi.

Pengine umeona mtindo uliosambaa tangu 2019, wa Mmarekani Mike Morrison, unaoweka tokeo kuu katikati kwa herufi kubwa na mengine yote pembeni. Sentensi kubwa naiunga mkono kabisa. Ila ukiwa na grafu nzuri, usiisukumie pembeni ili kuyapisha maneno.

Waulize waandaaji ukubwa wa bango, na kama ni la wima au la mlalo, kabla hujaanza kupanga chochote. Wakisema A0, hiyo ni karatasi ya milimita 841 kwa 1189. Weka vipimo hivyo kwenye programu tangu mwanzo. Herufi za kawaida zisishuke chini ya pointi 28. Kisha chapisha nakala ya A4: kila upande wake ni robo ya ule wa A0, kwa hiyo pointi 28 zitakuwa 7, na kama huwezi kuisoma ukiwa umeishika mkononi, bango lenyewe halitasomeka ubaoni.

Kuchapisha, wengi wetu tunakwenda Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala. Peleka PDF, si faili la slaidi, maana kompyuta ya pale ikikosa fonti zako mistari yote itahama. Mwombe kijana alifungue na kulikuza hadi ukubwa halisi ukiwa umesimama pale pale. Nembo ya chuo iliyochukuliwa kwenye tovuti ndiyo huwa ya kwanza kuonekana vipande vipande. Usiende siku ya mwisho, maana umeme ukikatika mashine zitasimama.

Dakika tano za kuzungumza ni slaidi tatu au nne tu. Anza na tokeo, ndipo ueleze ulivyolipata. Jizoeze kwa sauti, saa mkononi, na angalau mara moja bila slaidi kabisa, kwa sababu projekta inaweza kugoma na mwenyekiti wa kikao hatakuongezea muda.

Ukiwa kwenye bango, usimsomee mtu maandishi anayoyaona. Muulize, "Kwenu mna migomba?" Hapa Uganda wengi watajibu ndiyo, tena watakusimulia jinsi baba au shangazi anavyokata ua dume. Hapo mwonyeshe grafu. Kuwa na daftari, maana maswali ya watu hao yatakufaa kwenye sura ya majadiliano ya tasnifu yako.

Ukishaandika ile sentensi moja, iweke hapa tuitazame kabla hujaanza kuchora.