Presha haiumi, ipime hata ukijisikia mzima

Nafanya kazi maabara hapa Dar, na macho yangu yamezoea damu. Ukitandaza tone kwenye kioo ukalitazama kwa hadubini, chembe nyekundu za mtu mzima wa afya zimejitenga. Utando wa kila chembe umebeba chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Protini kama faibrinojeni zikizidi, chembe hushikana na kupangana kama sarafu kiganjani mwa konda. Damu ya hivyo hupita kwa shida kwenye mishipa midogo, ambayo mingine ni myembamba kuliko chembe yenyewe.

Yote hayo nilikuwa nayajua siku baba alipoanguka bafuni, Mbagala. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Kichwa hakijawahi kumuuma. Kila nilipomwambia tukapime, alijibu, "Mwanangu, mimi mzima," nami nikanyamaza. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 1963 Okamoto na Aoki wa Kyoto, Japani, walieleza panya ambao presha yao hupanda yenyewe, kwa kurithi. Panya huyo anakula na kukimbia kama wenzake, huku presha inapanda kadiri anavyokua. Watafiti walipochunguza chembe zake nyekundu, waligundua kwamba hata utando wa chembe hizo hupitisha sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, tofauti na ule wa panya wa kawaida. Chembe nyekundu si moyo, wala si mshipa! Kwangu mimi hiyo ina maana kwamba kilichorithiwa kinaweza kuwa kimetapakaa mwilini, hata pale ambapo hakuna anayekitafuta. Panya si mtu, lakini kama mzazi wako ana presha, usingoje dalili.

Mimi nilipima nikiwa na miaka 34: 148 kwa 94. Nikarudia siku nyingine mbili, maana kipimo kimoja hakitoshi. Ukifika kupima, usikimbilie mashine umetoka kubanana kwenye daladala. Kaa dakika tano, egemea kiti, nyayo sakafuni, usikunje miguu. Mkono uwe usawa wa moyo, na usiongee. Kama mkono wako ni mnene, omba mkanda mkubwa, kwa sababu mdogo hupandisha namba. Ukiandikiwa vidonge, usiviache kwa kuwa namba zimeshuka. Mara nyingi ndivyo vilivyozishusha.

Baba sasa ana daftari la shule, analiweka juu ya redio. Jumapili iliyopita aliandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto: 132 kwa 84.