Mimba ya miezi sita na kazi ya kusimama kutwa: nitulie au niendelee?

Dada wa Nakuru, nimesoma swali lako na majibu ya wenzetu hapa jukwaani. Pole na hongera kwa pamoja. Umesema wewe ni msusi, mimba ina miezi sita, unasimama saluni kuanzia asubuhi hadi wateja waishe. Jioni miguu imevimba, usiku nyonga na kinena vinauma hadi kujigeuza kitandani ni kazi, na mama mkwe amekukataza kutembea ati mtoto atashuka kabla ya wakati. Unauliza utulie nyumbani au uendelee, na kazi uiache mwezi gani. Mimi nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu, nina watoto wawili, na mimba zote mbili nilizibeba nikiwa sokoni. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wengi wetu hulibeba swali hili kimya.

Nianze na mama mkwe, maana naona ndipo roho yako ilipokwama. Mimba isiyo na tatizo haiharibiwi na kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wajawazito wasio na tatizo wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule wa kupumua kwa nguvu kidogo huku bado unaweza kupiga gumzo na mwenzako. Ukiona maneno yanakatika katikati, punguza. Lakini mama mkwe usimbishie kwa ukali, kwa sababu wapo wanawake ambao kweli huambiwa na daktari watulie: anayetokwa na damu, aliyevuja maji, ambaye kondo la nyuma limekaa chini likaziba njia, aliyeshonwa mlango wa mji wa mimba, mwenye presha ya mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu. Huenda alimwona mmoja wao akaogopa hadi leo. Nenda naye kliniki, mkae pamoja mbele ya sista, aulize mwenyewe. Wangu nilimpeleka, na kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa akiniamsha asubuhi tutembee wote.

Sasa tuje kwa kazi, kwa sababu naamini hapo ndipo maumivu yako yanapotoka. Kusimama kutwa si kutembea. Kwa miezi uliyofika, mji wa mimba umekuwa mzito na unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Kinachosaidia damu hiyo kupanda ni misuli ya mashavu ya miguu, nayo husukuma damu inapokunjwa na kukunjuliwa. Ukisimama pale pale kwa muda wa saa tatu unasuka kichwa kimoja, misuli imelala, damu na maji vinabaki chini, vifundo vinajaa. Halafu kuna homoni, ikiwemo ile inayoitwa relaksini, zinazolegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia. Kano zikilegea, misuli ndiyo inayobaki kushikilia mifupa, na misuli iliyokazwa mahali pamoja kutwa huchoka. Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, na mwili wangu uliuma zaidi saa zile nilizosimama nyuma ya meza nikingoja wateja kuliko zile nilizozunguka nikipanga nguo. Kwa hivyo usikae tu nyumbani ukidhani utapona, wala usiendelee vile unavyofanya sasa.

Badilisha namna unavyosuka. Kichwa cha kusuka kinaweza kusukwa wote mkiwa mmekaa: mteja kwenye kigoda, wewe kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zako zote mbili chini. Tumezoea kumweka mteja katikati ya magoti, lakini kwa kinena kinachouma hivyo usipanue miguu. Akae mbele yako kabisa, magoti yako yakiwa karibu karibu. Kwa kazi ambayo lazima usimame, kama kuosha na kukausha nywele, weka kibao kifupi chini, uwe unapumzisha mguu mmoja juu yake, kisha mwingine. Kila ukimaliza hatua moja ya kichwa, toka nje, tembea hadi barabarani na kurudi. Wateja wataelewa, wengi ni akina mama. Ukikaa pia usikae kama umegandishwa. Zungusha vifundo vya miguu, inua visigino na kuvishusha. Na madirisha yawe wazi mnapopaka dawa ya nywele, au mwachie mwenzako kazi hiyo kwa sasa.

Nyonga na kinena. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu maumivu haya yanachochewa na kuachanisha miguu na kubeba uzito wote kwa mguu mmoja. Ukitaka kutoka kitandani, bana magoti pamoja, jiviringishe upande wote kwa mara moja, shusha miguu yote miwili, kisha jisukume kwa mikono ukae. Vaa suruali au chupi ukiwa umekaa. Ngazi zipande moja moja, ukianza na mguu usiouma. Matatu usiiparamie kwa hatua ndefu, mwambie makanga asubiri. Mtoto wako mkubwa, kama unaye, usimbebe kiunoni upande mmoja. Leso ni msaada mkubwa: ikunje iwe mkanda mpana, izungushe chini ya tumbo juu ya mifupa ya nyonga, kaza kiasi. Isipite juu ya tumbo. Mikanda ya kununua ipo, lakini leso ilinitosha.

Na kama kutembea nusu saa mfululizo kunaamsha maumivu hayo, igawe dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, kwa hatua fupi. Ukiona kila siku yanazidi, muulize sista akuandikie barua ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi hatujui kwamba wajawazito nao huenda huko.

Kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko yote. Piga magoti kwenye mkeka, viganja chini, mgongo uwe sawa kama meza. Vuta pumzi, kisha ukiitoa pinda mgongo juu taratibu, urudi sawa. Usiuache mgongo ubonyee chini. Tumbo linaning'inia na mgongo unapumua. Nilikuwa nalifanya jioni kabla ya kupika. Lingine ni la misuli ile unayoikaza ukizuia mkojo: kaza, hesabu polepole, achia, rudia, hata ukiwa unasuka. Husaidia kuzuia mkojo usitoke ukikohoa au kucheka, sasa na baada ya kujifungua.

Pa kutembea, Nakuru mmebarikiwa baridi ya asubuhi. Lakini mji wenu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo usijipime nguvu kwa kupanda Milimani kuelekea Menengai. Zunguka pale Nyayo Gardens au mtaa wowote tambarare wenye watu, ukiwa na viatu vya mpira visivyoteleza. Huku kwetu shida ni joto, kwa hivyo nilitoka kabla jua halijachomoza vizuri nikashika barabara ya kwenda Dunga, maji mkononi. Waliokushauri kuogelea wako sawa, maji huubeba mwili na nyonga hupumzika, ila liwe bwawa safi la kuogelea. Ziwani kuna kichocho, na mjamzito hana haja ya kukitafuta.

Kuna mmoja hapo juu amekuandikia kwamba mama zetu walilima hadi siku ya kujifungua na hawakulalamika. Nimelisikia neno hili Vihiga, nimelisikia Siaya, na linaniumiza kila mara. Walilima kwa sababu shamba halikuwa na mtu mwingine. Kuteka maji na kupanda mlima na mtungi wa lita 20 kichwani ni kilo 20 juu ya kano ambazo tayari zimelegea. Wengi wao hadi leo wanatembea wakishika kiuno, na hakuna aliyewauliza. Mwendo tunaousifu ni wa mwili kujibeba wenyewe, wenye kuanza na kuisha, ukichoka unakaa. Kuinama nusu siku ukipalilia au kuinua robota la mitumba ni jambo lingine kabisa. Mwambie baba watoto achote maji. Nguo fulia juu ya meza au stuli, beseni liwe usawa wa kiuno, usiiname hadi chini.

Usiku lala kwa ubavu, wa kushoto ukiwa bora zaidi, na mto au blanketi lililokunjwa katikati ya magoti hadi vifundoni, lingine dogo chini ya tumbo. Ukishafika wiki ya 28 usianze usingizi chali, kwa sababu mji wa mimba hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ukiamka ukajikuta chali usiogope, geuka tu. Misuli ya mguu ikikaza ghafla usiku, nyoosha mguu na uvute vidole kuelekea kwako. Kabla ya kulala simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, uegemee mbele hadi shavu la mguu livutike. Kiungulia nacho hupungua ukila ugali mapema na kidogo, si saa tatu usiku kisha kitandani.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni damu. Ukipanda ngazi chache ukahema, moyo ukapiga mbio, na viganja vimepauka, usidhani ni uzito wa mimba tu. Omba wapime damu. Kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kikiwa chini ya 11 kwa mjamzito ni upungufu. Vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki vimeze kila siku na maji au chungwa. Chai ya maziwa isubiri kama saa moja, kwa sababu chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Vikikufungia choo, mrenda, papai na maji mengi vitakusaidia. Sisi wa kanda ya ziwa, kwa ajili ya malaria, hupewa pia vidonge vya kuikinga kliniki kuanzia wiki ya 13, na neti. Nyie Nakuru si kawaida, lakini ukija huku kwa mazishi au harusi lala ndani ya neti kila usiku. Na odowa, ule udongo wa kula, najua tamaa yake, najua inauzwa kila kibanda. Ukiona unaitamani sana mwambie sista, kwa sababu mara nyingi tamaa hiyo huenda sambamba na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kukuletea minyoo.

Dawa za maumivu usijinunulie duka la dawa kiholela. Diklofenaki na ibuprofeni si za mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20. Parasetamo huruhusiwa, lakini uliza kwanza. Mgongo na miguu unaweza kukandwa taratibu. Tumbo, hapana. Huku kwetu nyamrerwa, yaani wakunga wa jadi, wengine hukanda tumbo kumgeuza mtoto, na kondo linaweza kubanduka mama akapoteza damu nyingi kabla hajafika hospitalini.

Sasa haya usiyapumzikie nyumbani, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku: damu, maji kuvuja, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, maumivu makali chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, tumbo kukaza na kuachia mara kwa mara kabla ya wiki ya 37, mtoto kupunguza kucheza, kifua kuuma, au mguu mmoja peke yake kuvimba na kuuma. Miguu yote miwili kujaa jioni na kupungua asubuhi ni kawaida. Mmoja peke yake unaweza kuwa damu iliyoganda.

Kuhusu kuacha kazi, hakuna wiki iliyoandikwa kwa kila mtu. Mimi ningepunguza wateja kuanzia mwezi wa nane wa mimba na kuchukua wa kuweka nafasi tu, ili ujue siku yako itaisha saa ngapi. Kama saluni ni ya mtu mwingine na umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na unatakiwa kumwarifu mwajiri kwa maandishi angalau siku 7 kabla. Andika barua mapema na ubaki na nakala. Kama saluni ni yako, anza sasa kumfundisha msichana wa kukushikia. Ukitoka kliniki tuandikie sista amesema nini kuhusu hicho kinena, na damu yako imesoma ngapi.