Lehemu Haizibi Pengo: Kwa Unayeanza Usonara

Wengi wanaoingia kwenye usonara hukimbilia moto. Ukweli ni kwamba pete nyingi huharibika kabla moto haujawashwa.

Anza na hesabu. Unataka pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 18, na bamba lako lina unene wa milimita 1.5. Usizidishe 18 kwa 3.14. Jumlisha kwanza kipenyo na unene, upate 19.5, ndipo uzidishe: utakata milimita 61 na ushei. Ukisahau unene, pete haitapita kwenye kifundo cha kidole.

Msumeno unafungwa meno yakielekea chini, upande wa mpini, kwa sababu unakata unapovuta. Wembe wake ukikatika kila mara, chunguza mkono wako kwanza kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Sasa kiungo. Kutanisha ncha mbili za pete, kisha iinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, rudi kwenye tupa. Lehemu, yaani metali ya kuungia inayoyeyuka kabla ya pete yenyewe, haizibi pengo. Inatambaa pale tu metali zilipogusana, nayo hufuata joto. Kwa hiyo pakaa boraksi, dawa inayosaidia lehemu itambae, kisha pasha pete nzima mpaka yenyewe iyeyushe lehemu. Ukielekeza moto kwenye kipande cha lehemu peke yake, kitajiviringa kuwa tone na kugoma papo hapo. Punguza taa za chumba ili uone rangi ya metali inavyobadilika. Fedha tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 962, lakini ile ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1000, iliyochanganywa na shaba, huanza kulegea mapema zaidi, karibu na 800. Ikianza kumetameta kama maji, ondoa moto hapo hapo.

Baada ya kulehemu, pambo huingia kwenye tindikali hafifu ili weusi utoke. Usichovye kibano cha chuma humo: shaba iliyoyeyuka kwenye tindikali itaganda juu ya fedha yako, na itatoka nyekundu. Tumia cha shaba au cha plastiki. Na ukichanganya tindikali mwenyewe, tia tindikali kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye tindikali.

Vito ni mwisho kabisa. Lulu na opali hazivumilii moto hata kidogo.

Kuhusu usanifu nitasema moja, maana wanafunzi huchora sura ya mbele tu. Chora na mgongo. Bizimu, yaani pambo la kubanwa kwenye nguo, yenye pini katikati au chini huinamia mbele na kuning'inia vibaya. Pini ikae juu ya nusu ya pambo. Kabla hujakata fedha, tengeneza umbo hilo kwa kadibodi, lipe uzito kwa kipande cha bati, ulivae siku nzima kwenye nguo nyepesi.